Usivute Kamba Bado

Mashine ya boti ni mali inayobebeka. Boti ikioza, ikichomwa au ikiuzwa, mashine hufunguliwa kwenye ubao wa tezi, ikapakiwa kwenye pikapu na kurudi nyumbani na mwenyewe. Ndiyo maana huzikuti Masese na Walukuba pekee, karibu na maji ya Jinja. Utaikuta moja hata Nkoma, Mbale, chini ya Mlima Elgon, mahali pasipo na ziwa la kuiogeshea, imeegemezwa ukutani ndani ya stoo na kufunikwa gunia. Mtoto wa marehemu atakuambia kwamba baba aliiacha ikiwa nzima. Mara nyingi anasema kweli. Tatizo ni kwamba mara tu baada ya kusema hivyo, yeye au jirani yake mwenye mikono mizito hushika kamba na kuvuta kwa nguvu zote, aone kama itawaka.

Mvuto huo ndio ninaotaka kuuchambua hapa. Mashine nyingi zilizolala haziuawi na miaka ya kulala. Zinauawa siku ya kuamshwa, ndani ya dakika chache za kwanza, na mtu aliyekuwa anazitakia mema.

Sababu za mashine kulala upande huu wa Uganda zinajulikana. Mwanzoni mwa 2017 jeshi la UPDF lilipewa kazi ya kusimamia uvuvi, na boti zilizopungua futi 28 zikaanza kusakwa na kuteketezwa. Wavuvi wengi wadogo walibaki na mashine bila boti ya kuifungia. Mwaka 2020 likaja janga la korona na vizuizi vyake, na katikati ya hayo ziwa lenyewe likapanda: Mei ya mwaka ule kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964, na mialo kadhaa ikamezwa na maji. Na kuna mashine zilizolala kwa sababu ya kale kuliko zote, yaani mwenyewe alikufa na warithi hawavui.

Zilizo nzee kweli zina historia ndefu. Jinja imekuwa mji wa utafiti wa samaki tangu 1947, shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilipoweka makao yake hapo, na katika miaka ya 1950 mashine za kupachika zikaanza kuingia ziwani kwa idadi. Zilibadilisha hata umbo la mtumbwi. Mtumbwi wa Sese ulikuwa umechongoka pande zote mbili, na huwezi kufunga mashine kwenye ncha. Mafundi wa mbao wakakata tezi, wakaweka ubao bapa. Mpaka leo maofisa wa uvuvi wanapohesabu vyombo ziwani huiandika Sese ya ncha mbili kando na ile ya tezi bapa, na aghalabu ya pili ndiyo yenye mashine.

Mashine za kizazi kile zilikuwa British Seagull kutoka Poole, Uingereza, na Johnson na Evinrude za Marekani. Yamaha, ambayo leo imelijaza ziwa, ilitengeneza mashine yake ya kwanza ya boti mwaka 1960. Tofauti hii ya jina ina uzito mkubwa kwa mtu anayetaka kujua kama afufue au auze chuma chakavu. Seagull ilikoma kutengenezwa 1996. Kampuni mama ya Johnson na Evinrude ilifilisika Desemba 2000, na jina la Evinrude lenyewe likazikwa Mei 2020. Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15, 25 au 40, hata ikiwa imelala miaka kumi, vipuri vyake vinapatikana Jinja kwenyewe au Kampala. Mwenye Johnson ya miaka ya 1960 itambidi achonge, aazime, au anunue nyingine mbovu aifanye mama wa vipuri. Maoni yangu ni kwamba anayehitaji mashine ya kutafutia riziki aamshe Yamaha. Seagull aiamshe mwenye mapenzi nayo na mshahara mwingine.

Turudi kwenye kamba. Karibu mashine zote tunazozizungumzia ni za mapigo mawili, na hapo ndipo penye siri yote. Injini ya gari ina bakuli la oili chini yake na pampu ya kuisambaza. Ikilala miaka, oili ingali pale, na sekunde chache baada ya kuwaka huwa imefika kila mahali. Injini ya mapigo mawili haina bakuli hilo. Oili yake yote husafiri ndani ya petroli: mchanganyiko huingia kwanza kwenye chumba cha kranki, hulowesha beringi, hupanda kwenye silinda na kuchomwa. Mashine ikizimwa, kinachobaki ni utando mwembamba tu. Kwa miezi utando huo huteremka kidogo kidogo, petroli iliyobaki hukauka, na unyevu wa hewa hukutana na chuma kitupu.

Beringi za kranki katika mashine nyingi za aina hii ni vijiti vidogo vya chuma vinavyoviringika. Kijiti kikipata kutu hata ya kuonekana kwa shida tu, uso wake huwa kama msasa. Ukivuta kamba kwa nguvu na mashine ikawaka kwa bahati, unazungusha msasa huo maelfu ya mara kwa dakika, mkavu, kabla ya oili mpya kufika. Itanguruma vizuri. Watu watapiga makofi. Wiki mbili baadaye, katikati ya ziwa, itatoa sauti ya mawe na kukwama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusiani na moto wala petroli. Toa plagi zote. Mimina oili ya mapigo mawili kupitia matundu ya plagi, kiasi cha vijiko viwili vya chakula kwa kila silinda, kisha ilaze mashine upande huu na upande ule ili oili ifike kwenye kranki. Iache usiku kucha. Kesho yake shika flaiwili kwa mikono miwili, uizungushe taratibu kuelekea upande inakozunguka siku zote. Kwenda kinyume hupinda mapezi ya pampu ya maji, ambayo pengine yamekufa tayari, lakini hujui bado. Ikizunguka, mshukuru Mungu na uendelee kuizungusha mara nyingi, ukiongeza oili.

Isipozunguka, ringi zimeshikana na silinda kwa kutu. Hapa mafundi hugawanyika. Wapo wanaochukua nyundo na kipande cha mti, wakagonga pistoni kupitia kichwa kilichofunguliwa. Wapo wanaojaza dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi ya giaboksi na kusubiri siku, hata wiki, wakitikisa flaiwili kidogo kila asubuhi. Mimi niko na hawa wa pili bila kusita. Pistoni ni ya alumini na kuta za silinda ni za chuma, na nyundo haijui tofauti hiyo. Dizeli hupenya mahali ambapo nguvu hupasua.

Wenye mashine zilizolala Mbale wana jambo la ziada. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini na kuua watu, na maji yaliingia majumbani na kwenye stoo. Mashine iliyozamishwa na mafuriko ni kesi ya peke yake, na watu huielewa kinyume. Wanadhani maji ndiyo yaliyoiharibu. Ndani ya maji baridi kuna oksijeni kidogo, na chuma huoza polepole. Balaa huanza inapotolewa, maji yakitiririka nje na hewa ikiingia mahali palipolowa: kutu ya juu ya beringi huweza kuanza ndani ya saa chache. Mashine iliyozama inapaswa kufunguliwa siku ileile, ikatolewa matope, ikamiminiwa oili mpaka ivuje. Iliyotolewa kwenye matope ya 2022 na kuwekwa juani ikauke haifai kuamshwa kwa njia ya mkato. Kranki yake ifunguliwe kabisa, au mwenyewe akubali kwamba ni ya vipuri.

Mashine ikishazunguka kwa urahisi, ndipo unapotafuta moto. Kwanza weka kidole gumba kwenye tundu la plagi na msaidizi azungushe. Hewa isukume kidole kwa nguvu. Ukiwa na geji, kilicho muhimu zaidi ya namba yenyewe ni silinda kufanana: zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi, moja ina ringi zilizoganda au gasketi iliyokufa.

Katika mashine za zamani umeme wa plagi hutoka kwenye magineti chini ya flaiwili, na hupitia pointi: vidole viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga. Nyuso zake hushika ukungu mwembamba usioonekana, na ukungu huo peke yake watosha kuzuia moto. Wengi hununua koili mpya kumbe walihitaji msasa laini na kitambaa safi. Pointi zikishasafishwa, nafasi yake ipimwe kwa fila, kibamba chembamba cha kupimia nafasi: katika Johnson, Evinrude na Seagull ni nusu milimita, zinapokuwa zimefunguka kabisa. Ili kuzifikia pointi, flaiwili itolewe kwa puli yake, yaani kifaa cha kuing'olea. Nimeona kranki zilizopinda kwa sababu mtu aligonga ncha na nyundo, na hakuna anayezinyoosha vizuri. Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 zina ugonjwa mwingine unaojulikana duniani kote, koili zake hupasuka ganda. Ukiona mpasuko, usijaribu kuubandika.

Yamaha za baadaye hazina pointi. Zina kisanduku cha elektroniki, CDI, ambacho hakilalamiki kwa kulala lakini kina chuki yake: ukizungusha mashine huku waya za plagi zikining'inia hewani, umeme usio na pa kwenda unaweza kukiunguza. Chomeka plagi kwenye waya, uilaze igusane na chuma cha mashine, kisha ndipo uvute na kuangalia cheche. Kisanduku hicho ni ghali kuliko kazi yote iliyobaki.

Sasa petroli. Iliyokauka ndani ya kabureta huacha gundi ya rangi ya kahawia, na harufu yake ni ya vanishi, si ya petroli. Gundi hiyo huziba jeti, kitundu ambacho ni chembamba kuliko sindano ya kushonea. Mashine itawaka ukiipulizia petroli kwa mkono kisha itazima, itawaka tena, itazima tena, na hapo watu huanza kulaumu moto. Fungua kabureta. Ilowekwe, ipulizwe kwa upepo. Jeti isichokolewe kwa waya, kwani shaba ni laini na waya hupanua tundu kiasi kwamba mashine itakunywa mafuta maisha yake yote. Tumia uzi wa nailoni wa ndoano. Hapa ndipo pengine uzi wa monofilamenti, uliopigwa marufuku kwenye nyavu za ziwani, unapata kazi halali.

Kabureta za zamani za Kimarekani zina boya la kizibo cha gamba la mti, lililopakwa vanishi. Vanishi ikichubuka, boya hunywa petroli na kuzama, na kabureta hufurika. Likaushwe, lipakwe upya kitu kisichoyeyuka kwa petroli, au lichongwe jingine. Mipira ya mafuta usiijaribu hata kidogo, hata ikionekana mizuri kwa nje. Kwa ndani huwa imemomonyoka, na kila kipande kitakwenda kuziba jeti uliyoisafisha jana.

Kuhusu oili, kuna makosa mawili, na yote huua. Mvuvi wa leo amezoea 50 kwa 1, yaani mililita 400 katika jerikeni ya lita 20, na ndiyo sahihi kwa Enduro. Akirithi Johnson ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 akaipa kiwango hicho, anaiua kwa kiu, kwani ile inataka 24 kwa 1, zaidi kidogo ya mililita 800. Seagull ya zamani hutaka 10 kwa 1, lita mbili nzima kwa jerikeni, kwa sababu kranki yake hukaa kwenye bushi tupu badala ya vijiti. Moshi wake hauna haya. Kosa la pili ni kununua oili ya kumwaga kutoka kwenye chupa isiyo na jina, ambayo mara nyingine ni oili ya gari iliyotumika na kuchujwa. Oili ya mashine za maji huandikwa TC-W3. Ile ya pikipiki za mapigo mawili itaendesha mashine, lakini imetengenezwa kwa injini ya kupozwa na hewa na huacha majivu juu ya pistoni. Kwa jerikeni ya kwanza baada ya kulala, Enduro nayo ipewe maradufu: mililita 800.

Maji huja mwisho katika matayarisho, na ndipo haraka inapoharibu kila kitu. Pampu ya maji iko chini, juu ya giaboksi, na ndani yake kuna impela ya mpira yenye mapezi. Ikilala, mapezi hubaki yamepinda vilevile yalivyokuwa siku ya mwisho, yakakauka hivyo. Yakizungushwa makavu, hukatika ndani ya sekunde chache, na vipande hupanda kwenye njia za kupozea na kukwama pasipoonekana. Impela mpya ni bei ndogo. Sijawahi kuona sababu ya maana ya kuirudisha ya zamani, ingawa nimesikia nyingi.

Hapa wa Jinja wana neema ambayo mwenzao wa Mombasa au Tanga hana. Ziwa Victoria ni maji baridi. Mashine ya pwani iliyolala bila kuoshwa huwa imezibwa na chumvi, na alumini yake imeliwa kama mbao iliyoingiwa mchwa. Ya hapa huwa na tope na mabaki ya magugu-maji, vitu vinavyotoka kwa maji ya bomba na subira.

Ijaribiwe kwenye pipa lililokatwa juu, maji yakipita bamba lililo juu ya propela. Wavuvi huangalia kama "inakojoa", yaani kama mshipa wa maji unatoka nyuma. Isipokojoa ndani ya nusu dakika, zima. Baadhi ya mashine kongwe hazina tundu hilo na hutema maji pamoja na moshi, kwa hiyo uliza kabla ya kuogopa. Kijana mmoja Masese aliwahi kumwambia fundi wake, "Mzee, haikojoi, lakini inanguruma vizuri, tuiache?" Mzee alizima kwanza, ndipo akamjibu.

Moshi mweupe mzito wa dakika za mwanzo ni ile oili uliyomimina. Usizime kwa sababu yake. Iache kwenye mwendo mdogo robo saa, ipoe, iwashwe tena.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya viwandani havimwambii mtu wa Jinja, kwa sababu viliandikiwa watu wa baharini. Uso wa ziwa hili uko mita 1,134 juu ya bahari, na Mbale iko juu zaidi kidogo. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu ya nane. Jeti ya kiwandani hutoa petroli kwa hewa ya pwani. Hapa petroli huzidi, plagi hurudi nyeusi na zenye unyevu, na mashine ya farasi 40 haitoi 40. Fundi asiyelijua hili hubadilisha plagi, koili, hata ringi, akitafuta nguvu ambayo haijawahi kuwepo. Jeti kuu iliyo ndogo kwa hatua moja hurekebisha mchanganyiko, na propela yenye mlalo mdogo zaidi huisaidia mashine kupanda mzunguko. Lakini usiguse jeti kabla hujaona plagi baada ya safari ya mzigo, maana mashine iliyotoka kulala na kupewa oili maradufu itatoa plagi nyeusi hata ingekuwa Zanzibar.

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na mwalo, na kasia mbili zikiwa ndani ya boti. Mkirudi, iache ipoe, kisha fungua skrubu ya chini ya giaboksi na utoe oili kidogo kwenye kiganja. Ikiwa nyeusi au ya kahawia, toa yote na ujaze mpya kutokea chini mpaka imwagike kwenye tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Ikiwa nyeupe kama maziwa, mara nyingi sili ya shafti ya propela ndiyo inayopitisha maji, na ibadilishwe kabla boti haijafunguliwa tena.